Je, kupakua mafaili mengi kunaua diski?

Nimekuwa kimya tangu nilipotoka likizo kwetu Garissa, na kilichoninyamazisha ndicho ninachokuja nacho leo.

Abti wangu, yaani mjomba kwa sisi Wasomali, ana saiba karibu na soko. Anachapa barua, anajazia watu fomu za KRA na HELB, anaskani vyeti, anafungulia vijana akaunti za eCitizen. Kompyuta ni nne, lakini tatu ni za wateja. Ya nne, iliyo chini ya meza yake, ndiyo roho ya biashara. Humo kulikuwa na skani za wateja wote na folda moja iliyoitwa AYEEYO. Nyanya yetu alifariki miaka miwili iliyopita, na kabla ya hapo Abti alimrekodi kwa simu akisimulia nasaba na visa vya ukame wa zamani. Rekodi zilikuwa 11.

Kila nikienda likizo nalala saiba, kwa sababu usiku laini ni yangu peke yangu. Nawasha torenti nashusha ISO za Linux, vitabu, filamu (msinihukumu), nalala, asubuhi nakuta kazi imekwisha. Safari hii asubuhi ya nne nikakuta skrini nyeusi, na chini ya meza diski inagonga tik, tik, tik. Ukiwahi kuusikia mlio huo hutausahau.

Abti hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilikwambia, adeer. Umeichosha mashine. Kila usiku inakula, inakula, hata punda hupumzishwa." Kufikia adhuhuri soko zima lilijua kwamba mtoto wa dada yake, mwenye digrii ya kompyuta, ameua kompyuta kwa kushusha filamu.

Nikaamua kujitetea kwa ushahidi. Diski nyingi huweka kumbukumbu za afya yake zenyewe, mfumo uitwao SMART, na programu ya bure kama smartctl au CrystalDiskInfo huzisoma. Niliichomeka kwenye laptopu yangu, ikakubali kusomeka kwa shida.

Ilikuwa imekaa imewashwa zaidi ya saa 31,000, miaka mitatu na nusu ya kuzunguka. Data iliyoandikwa tangu iwe mpya haikufika TB 6. Hapo nikatabasamu, kwa sababu watengenezaji huweka kiwango cha kazi kwa mwaka, na kwa diski nyingi za kompyuta za mezani ni takriban TB 55, kusoma na kuandika kwa pamoja. Ili ufike huko kwa kupakua tu unahitaji laini ya karibu Mbps 14 inayojaa usiku na mchana, mwaka mzima bila kusimama. Laini ya Abti ni Mbps 5 siku njema. Hiyo ni kama MB 0.6 kwa sekunde, wakati diski ya kawaida huweza kuandika MB 100 na zaidi kwa sekunde. Ilikuwa inapiga miayo.

Halafu kuna jambo watu wengi hawalijui. Sahani za diski huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika upakue usipakue, mradi haijalala. Na kichwa kinachosoma hakigusi sahani hata kidogo, kinaelea juu yake kwa nafasi ya nanomita chache. Hakuna kinachosuguana na data yako kama kalamu na karatasi. Torenti huandika vipande ovyoovyo, ni kweli, na kichwa hurukaruka zaidi, faili likatawanyika na mashine ikawa nzito. Lakini hilo ni jambo la kasi zaidi kuliko la uhai. Mwaka 2007 wahandisi wa Google walichapisha utafiti wa diski zaidi ya 100,000, wakaona kwamba uhusiano wa kazi nyingi na kufa kwa diski ni dhaifu kuliko walivyodhani, isipokuwa kwa diski changa sana na zile kuukuu.

(Kwa wenye SSD hesabu ni nyingine, maana chipu zake huchakaa kwa kuandikwa. Hata hivyo, Samsung 870 EVO ya GB 500 imedhaminiwa kuandikwa TB 300. Pakua GB 50 kila siku, utahitaji zaidi ya miaka 16.)

Basi nani muuaji? Mstari namba 192 wa SMART huhesabu mara ambazo kichwa kilirudishwa kwa dharura kwa sababu stima ilikatika ghafla. Wakati huo injini ya diski, ikiwa bado inazunguka kwa nguvu iliyobaki, hugeuka jenereta ndogo na kukivuta kichwa mahali salama. Ni ubunifu mzuri, lakini ni breki ya dharura. Kwa Abti hesabu ilikuwa 2,314. UPS iliyokuwa chini ya meza betri yake ilikufa zamani, ilibaki kuwa stuli. Joto la juu lililorekodiwa lilikuwa nyuzi 61, wakati diski nyingi hupewa mwisho wa 60. Nilipofungua kasha, vumbi lilikuwa limefunika feni kama blanketi. Jua la Garissa ndilo linaloendesha mitambo ya sola ya megawati 50 nje ya mji tangu 2019, sasa fikiria linavyokifanya chumba cha mabati mwezi wa tatu.

Nikamwonyesha Abti namba zote. Akazitazama, akanywa chai. Akauliza, "Sawa, haukuwa wewe. Na ile diski ya nje, ya akiba?"

Hapo ndipo nilipokosa la kusema. Likizo iliyotangulia diski ya nje ilijaa. Nilikuwa nashusha tamthilia, nafasi ikaisha katikati ya usiku, nikaona folda kubwa iitwayo NAKALA. Nikajiambia asilia ipo kwenye kompyuta, nitaitengeneza tena kesho. Nikaifuta. Kesho nikapanda basi la Nairobi. Tamthilia iliandikwa juu yake, kwa hiyo hata programu za kufufua mafaili hazikuambulia kitu.

Nilimwambia ukweli. Alikaa muda mrefu bila kusema, kisha akaenda kuswali.

Siku tano nilizobaki niliiachia diski ile ddrescue, programu inayonakili kwanza sehemu nzima na kurudia mbovu polepole, huku feni ya mezani ikiipuliza na laptopu ikiwa kwenye betri. Skani za wateja zilipatikana karibu zote. Katika rekodi za Ayeeyo zilifunguka nne, na moja inakatika dakika ya tisa, akiwa amefika kwa babu wa saba.

Nimemnunulia Abti betri mpya ya UPS na diski mbili za nje. Moja inakaa nyumbani kwa mama, na nenosiri lake sijapewa.