Jina Lako Ni la Nani?



Sisi kwa baba yetu tulizaliwa saba, na majina yetu ni saba. Hakuna hata mmoja anayeitwa jina la baba. Wa kwanza aliitwa jina la babu. Mwingine alizaliwa wakati wa njaa, akaitwa njaa. Wa mwisho alipewa jina la mgeni aliyelala kwetu usiku ule. Siku moja nilikwenda pamoja na mdogo wangu kutafuta karatasi za safari. Mtu wa ofisi akatazama majina yetu mawili, akauliza: «Ninyi njo ndugu kweli?»

Vijana wetu wa Bunia na wa kariere za Mongbwalu wanauliza swali linalofanana na hilo. Wanaona katika simu watu wa Ulaya wenye jina moja la ukoo tangu babu mpaka mjukuu, pamoja na picha ya ngao yenye simba au joka. Wananiambia: «Pasta, sisi hatuna vile.» Basi leo tutazame Wales, nchi ndogo iliyo upande wa magharibi wa Uingereza. Ni nchi iliyojulikana kwa makaa ya mawe, kama Ituri inavyojulikana kwa dhahabu.

Zamani watu wa Wales nao hawakuwa na jina la ukoo. Mtu aliitwa kwa jina lake na la baba yake, na katikati waliweka neno ap, maana yake «mwana wa». Owen ap Rhys ni Owen mwana wa Rhys. Mtoto wake hakuitwa Rhys tena, aliitwa ap Owen. Ni kama katika Biblia: Simoni Bar-Yona ni mwana wa Yona, na Bartimayo ni mwana wa Timayo.

Kisha sheria za mwaka 1536 na 1543 ziliunga Wales na Uingereza. Mahakama na makarani walitaka jina moja lisilobadilika. Polepole ap ikashikamana na jina la baba: ap Rhys ikawa Price, ap Hywel ikawa Powell, ap Huw ikawa Pugh, ap Owen ikawa Bowen. Wengine walifuata desturi ya Kiingereza, wakatia herufi s mwishoni. Jones ni wa John. Evan Roberts, yule wa uamsho wa mwaka 1904, jina lake la pili ni «wa Robert». Katika vijiji vya migodi akina Jones walizidi mno, hata watu wakawatenganisha kwa kazi: Jones wa mkate, Jones wa maziwa. Sivyo tunavyofanya hata sisi kwenye kariere?

Na ngao je? Kwa desturi ya Uingereza na Wales, ngao si mali ya jina. Ni mali ya mtu aliyepewa, na ya wazao wake. Ofisi ya kuangalia mambo hayo iko London tangu mwaka 1484. Price mmoja anaweza kuwa nayo, na Price jirani yake hana. Tena kuna ngao zilizotungwa na wazao kwa heshima ya mababu waliokufa kabla desturi yenyewe haijaanza. Kwa hiyo kijana, usimwonee mtu wivu kwa picha inayouzwa sokoni.

Hapa karibu na sisi kuna alama za namna nyingine. Ng'ambo ya Ziwa Albert, katika Bunyoro, kila ukoo una mwiko wake. Wababito, ukoo wa wafalme, wao ni pongo, na hawamli. Alama ile si ya mtu mmoja. Tajiri na maskini wa ukoo wote wanayo.

Mtu mmoja wa Wales anatuhusu sana. Alizaliwa Denbigh tarehe 28 Januari 1841, akaitwa John Rowlands, kwa jina la mtu aliyesemekana kuwa baba yake. Baba huyo hakumlea, na mama hakuwa ameolewa. Mtoto alilelewa katika nyumba ya maskini huko St Asaph. Alipokuwa kijana alivuka bahari mpaka New Orleans, Marekani, na huko akajitwalia jina la mfanyabiashara mmoja: Stanley. Ndiye Henry Morton Stanley aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, na ndiye aliyepita pori la Ituri mwaka 1887 mpaka Ziwa Albert. Ile ilikuwa safari ya njaa na risasi. Watu wa Congo ya Chini walimwita Bula Matari, mvunja mawe, sababu ya miamba aliyopasua kwa kutengeneza njia. Baadaye jina lile likawa la serikali yenyewe. Wazee wetu waliposema «Bula Matari anakuja», walikuwa na maana ya kodi na kazi ya lazima. Stanley alikufa mwaka 1904, na jina hilo limechongwa juu ya jiwe la kaburi lake huko Uingereza. Jina la baba halikumpa hata sahani ya chakula, na lile linalokumbukwa kwetu alipewa na Waafrika.

Serikali nayo inaweza kushika jina lako. Mwaka 1972 Zaire ilikataza majina ya ubatizo, na Joseph-Désiré Mobutu akajiita Mobutu Sese Seko. Mimi nilizaliwa chini ya amri ile. Jina langu la ubatizo lilitajwa nyumbani na kanisani tu, katika karatasi za leta halikuandikwa. Baada ya mwaka 1990 majina hayo yakaanza kurudi.

Lakini lililo zito zaidi ni hili. Mwezi wa Mei 2003, hapa Bunia, jina liliweza kumwua mtu. Kwenye bariyeri waliuliza: «Jina yako njo nani? We mutoto ya nani?» Rafiki yangu, tuliyeketi naye benchi moja shuleni, alikuwa na jina la kabila lingine, kwa sababu baba yake alimpa jina la rafiki yake wa ujana. Waliomsimamisha walikuwa watu wa kabila lake mwenyewe. Alijieleza, hawakumsikia. Tulimzika siku ya tatu.

Sisi tunaoishi Ituri tunajua kwamba Wahema wengi wa Djugu wanasema Kilendu, na majina mengi yanapatikana pande zote mbili. Jina linaonyesha nani alipendwa siku ile mtoto alipozaliwa, au nyumba ilikuwa na shida gani. Halionyeshi moyo wa mtu, wala halimpi mtu ruhusa ya kumhukumu. Tangu mwisho wa mwaka 2017 damu imemwagika tena Djugu, na watoto wetu wanasikia majina yakitajwa kama matusi. Wazazi, tukinyamaza, watafundishwa na wengine.

Basi, nyumbani fanyeni hivi. Chukueni kaye. Jioni moja kila mtoto aulize: nani alinipa jina hili, na kwa sababu gani? Andikeni jibu, andikeni na majina ya mababu mnaowajua. Kama jina limetoka kwa rafiki wa kabila lingine, semeni wazi mbele ya watoto, na mtajeni huyo rafiki kwa heshima. Mimi nimekwisha kuandika yangu, na nimefika kwa babu wa tatu tu. Kama kwenu yuko mzee anayeweza kuhesabu mpaka wa saba, msingoje mwaka ujao. Mwendeeni wiki hii.