Nilikuwa Upande wa Kutoka

Kwa miaka kadhaa nilikuwa upande wa wale waliotaka Burundi ijitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sikuficha. Nilisema pale pale sokoni Rumonge, katikati ya meza za ndagala na madumu ya mawese. Hoja tulikuwa nazo. Tuliingizwa tarehe 1 Julai 2007, sisi na Rwanda siku moja, na hakuna mwananchi aliyeulizwa. Ulipokuja mgogoro wetu wa kisiasa wa 2015, usuluhishi wa Rais Museveni wa Uganda na Mkapa, rais mstaafu wa Tanzania, haukuzaa kitu, na majirani wawili wa Jumuiya moja, sisi na Rwanda, wakawa hawasalimiani. Novemba 2018 Burundi haikwenda Arusha, na kikao cha wakuu wa nchi kikaahirishwa kwa sababu akidi haikutimia. Upande wetu tulishangilia siku ile: kumbe tukisusa tunaonekana! Mwezi uliofuata Rais Nkurunziza alimwandikia Museveni, aliyekuwa mwenyekiti wa Jumuiya, akiiita Rwanda nchi adui. Wenye redio walituongezea mfano wa Waingereza na kura yao ya 2016. Kama wao wameweza kuiaga Ulaya, sisi tunangoja nini?

Mimi nauza vitu vya Kigoma: chumvi ya Uvinza, sabuni, vitenge. Njia yangu ni ya wengi, Nyanza-Lac, Mabanda, Mugina, kisha Manyovu na kuteremka Kigoma. Jumuiya niliisikia kwenye hotuba tu. Mpakani nilikuwa na mtu wangu wa kunivushia mzigo, namlipa, siulizi anampa nani.

Aliyeanza kunitia shaka ni mjomba wangu wa Ujiji. Ujanani alifanya kazi kwenye Shirika la Reli la Afrika Mashariki, pale stesheni ya Kigoma, na Jumuiya ya kwanza ilimfia mikononi mwaka 1977. Hotuba za wakati ule hazikumbuki. Anakumbuka ubishi wa mabehewa, ndege na madeni, nani achukue kipi, na mpaka wa Tanzania na Kenya uliofungwa hadi 1983. Anawakumbuka na wafanyakazi wenzake wa iliyokuwa Jumuiya, waliozeeka wakidai mafao yao Dar es Salaam.

“Sasa nyie mkitoka mtagawana nini?” aliniuliza. “Hamna hata ndege ya kugombania.”

Nilicheka, ila swali lilinisumbua njia nzima. Kama hatuna cha kugawana, basi hasara yetu itakuwa nini hasa? Jibu sikulipata kwa wanasiasa. Nilionyeshwa na mwanamke wa Nyanza-Lac, muuzaji kama mimi, tukiwa kwenye foleni moja mpakani.

“Dada, mzigo wako haufiki dola 2,000, na chumvi ni ya Tanzania. Ushuru wa forodha unaulipia nini? Dai cheti.”

Sikujua kuna cheti. Kumbe Jumuiya ina utaratibu wa wafanyabiashara wadogo: bidhaa iwe imetoka nchi mwanachama, iwe kwenye orodha, thamani isizidi dola hizo 2,000, basi cheti cha asili ya bidhaa kinajazwa hapo hapo mpakani. Ofisa akatujibu kwamba fomu zimekwisha. Mwenzangu hakubishana naye. Aliketi juu ya gunia langu la chumvi, akafungua chupa yake ya chai, akasema tutangoja hadi zichapishwe zingine. Haikupita muda, fomu zikaonekana kwenye droo ya pili. Jina, bidhaa, kiasi, thamani, sahihi, mhuri. Kodi za ndani nililipa, hizo cheti hakiziondoi. Ushuru wa forodha sikulipa, na yule mtu wangu wa kunivushia sijamhitaji tena.

Sikugeuka kwa siku moja. Januari 2024 serikali yetu iliufunga tena mpaka na Rwanda, nchi zote mbili zikiwa wanachama, kwa hiyo asinidanganye mtu kwamba Jumuiya inafungua mipaka. Haifungui. Wenye funguo ni serikali zenyewe, na zingebaki nazo hata tukijitoa kesho. Tofauti ni kwamba tukitoka, mimi nitakosa karatasi ya kumwekea ofisa mezani. Tena tangu 2022 Kongo nayo imo. Milima tunayoiona ng'ambo ya ziwa tukiwa Rumonge ni ya wanachama wenzetu, na wauzaji wa Baraka na Uvira wanaweza kuja kudai kama sisi.

Vijana wa sokoni wakianza “tutoke, tutoke,” nawaambia mlango upo, kifungu cha 145 cha mkataba: theluthi mbili ya wabunge wakubali, kisha notisi ya miezi 12. Wamfuate mbunge wao. Mimi simo.

Ugomvi wangu na Jumuiya haujaisha lakini. Orodha ya bidhaa niliyoonyeshwa mpakani ilikuwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na wanawake wengi tunaopita pale hatukisomi. Wakuu wa nchi walishakubali mwaka 2021 kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sisi wauzaji tumeandika barua tukiomba orodha ibandikwe ukutani kwa Kirundi na Kiswahili, na chini yake iwekwe namba ya simu ya kupiga fomu zikisemwa zimekwisha. Bado hatujajibiwa.