Namba Iliyo Nzuri kwa Sababu ya Dawa



Kwetu Kivu, ugonjwa wa tezi ya shingoni tulizoea kuutambua kwa macho. Tuliuita rovu: uvimbe uliokua polepole chini ya kidevu cha bibi au cha shangazi, naye akaufunika kwa kitambaa. Katika miaka ya 1960 daktari Mbelgiji François Delange na wenzake waliuchunguza kisiwani Idjwi. Walikuta madini ya yodi yamepungua kaskazini na kusini-magharibi vilevile, lakini wenye rovu walikuwa wengi zaidi kaskazini. Uchunguzi uliofuata ulielekeza kwenye muhogo, ambao usipoandaliwa vema huacha mwilini kitu kinachoizuia tezi kupokea hata ile yodi kidogo iliyopo.

Mimi sikuwa na uvimbe wowote. Nilikuwa na uchovu usiokwisha kwa usingizi, baridi wakati wenzangu wanatoka jasho, ngozi kavu, na sauti iliyozidi kuwa nzito darasani. Wengi walisema ni umri. Mimi nilidhani nimepungukiwa na damu. Daktari aliagiza kipimo cha damu kwa ajili hiyo, akaongeza kimoja cha tezi. Damu ilikuwa ya kutosha. Ila kwenye mstari wa TSH paliandikwa 38, na pembeni yake kipimo cha kawaida: kati ya 0,4 na 4. Mstari wa pili, T4 huru, ulikuwa chini ya mpaka.

Binti yangu, aliyeisoma karatasi kabla yangu, alisema: « Mama, tezi yako inafanya kazi kupita kiasi. » Ndivyo mtu yeyote angefikiri akiona namba kubwa namna ile. Kumbe maana yake ni kinyume. TSH haitoki kwenye tezi ya shingoni. Hutoka kwenye tezi nyingine ndogo kama punje ya njegere, chini ya ubongo. Fikirini mama anayemwita mtoto alete maji. Mtoto akiitika mara moja, mama huita kwa sauti ya chini. Mtoto akichelewa, sauti hupanda. TSH ni sauti ya anayeita. T4 ni maji yanayofika nyumbani. TSH ikiwa juu na T4 chini, tezi imechoka. TSH ikiwa chini sana na T4 juu, maji yanafurika, ndiyo maana sauti imenyamaza. TSH ikipanda kidogo tu huku T4 ikiwa sawa, mara nyingi daktari hungoja na kurudia kipimo kabla ya kutoa dawa. Na zote mbili zikiwa chini, huenda aliye mgonjwa ni yule anayeita. Kwa hiyo namba moja peke yake haitoshi.

Kipimo cha tatu kilionyesha kwamba askari wa mwili wangu wanaishambulia tezi yangu mwenyewe. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1912 na daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, na hadi leo ina jina lake. Chumvi yenye yodi, inayowakinga watoto wetu na rovu, haiiponyi. Nilipewa kidonge kinachojaza nafasi ya homoni iliyokosekana: kumezwa kila asubuhi kwa maji, tumbo likiwa tupu, na kutenganishwa kwa saa nne na vidonge vya madini ya chuma au vya kalisi. Baada ya wiki nane TSH ilikuwa 9. Kipimo cha dawa kiliongezwa, na wiki nane tena baadaye ikawa 2,6.

Hapo ndipo jaribu lilipokuja. Kaka yangu mkubwa aliitazama karatasi akafurahi: « Umepona. Acha dawa sasa, pesa hizo zisaidie minervali ya watoto. » Hakusema kwa ubaya, kila mwezi nyumbani kwetu tunachagua kipi kilipwe kwanza. Lakini 2,6 haikusema kwamba tezi yangu imeamka. Ilisema kwamba kidonge kinafanya kazi yake. Tena homoni hii huondoka mwilini taratibu, ikipungua nusu kwa muda wa wiki moja hivi. Anayeacha dawa hujiona mzima siku kadhaa, akaamini amefanya vema, kisha uchovu humrudia kimyakimya. Jirani yetu mmoja alipitia njia hiyo. Alirudi kwa daktari uso umevimba na maneno yakimtoka polepole.

Wenye karatasi kama yangu nawasihi mambo machache. Wekeni majibu yote katika bahasha moja, kwa tarehe. Linganisheni kila namba na mipaka iliyoandikwa na maabara ileile, kwa kuwa hutofautiana kidogo, na mwanamke mwenye mimba ana mipaka yake. Mwambieni daktari vidonge vyote mnavyomeza, hata vile vya nywele na kucha, kwa maana biotini iliyomo huweza kuipotosha mashine. Na msibadilishe dawa kwa furaha wala kwa hofu ya karatasi moja.

Nilimweleza kaka habari ya mama na mtoto wa maji. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: « Kopo moja la dawa ni bei gani? »