King'ora cha Katuba

Motokari yangu ni Toyota ya zamani, usukani kuume, iliingilia Kasumbalesa. Mvua za Novemba zilipoanza, king'ora kikawa kinalia chenyewe usiku. Mimi nilikasirika tu, nikageuka kulala. Lakini jirani amepokea ndugu zake waliokimbia vita Kivu ya Kusini. Asubuhi mama akaniambia: «Papa, watoto walilala chini ya kitanda. Walijua tunakimbia tena.» Nikaona haya.

Nikatoa waya wa batri. Kikazidi kulia! Kumbe kina batri yake ndani. Fundi akacheka, akakizima kwa ufunguo wake mdogo, akakitoa chote. Swichi ya kapo ilikuwa imeshika kutu. Waya za kuwashia injini hakuzigusa: ukikata ovyo, motokari haiwaki.

Jioni nikawapelekea watoto. Mdogo akakishika, akauliza kama kimekufa kabisa.