Mbwa Mkubwa Asikuzwe Upesi

Huenda ukastaajabu kuona habari za chakula cha mbwa katika gazeti la jamaa. Lakini sisi tu watu wa vijijini, na mali ya wengi wetu ni mbuzi, kondoo na ng'ombe. Fisi akiingia zizini usiku mmoja tu, karo ya mtoto imekwenda. Kwa hiyo chakula cha mbwa mlinzi ni shauri la nyumba nzima.

Mbwa ninayetaka kukueleza si huyu wetu wa kienyeji. Ni mbwa wa Anatolia, aina ya mbwa walinzi wa kondoo waliotoka nchi ya Uturuki. Dume lake likikomaa hufikia kilo 50, hata 65. Tangu mwaka 1994 shirika la kuhifadhi duma huko Namibia huwapa wafugaji mbwa hawa, ili mifugo ilindwe na duma wasiuawe. Baadaye wengine walifika Tanzania, katika vijiji vya karibu na Hifadhi ya Ruaha. Mimi ni mfugaji wa upande wa Iringa, nami ninaye mmoja, dume la miezi tisa, nililolipata kwa mfugaji mwenzangu.

Tangu afike kwangu, majirani hawaachi kunishauri. "Baba Paulo, mbona mbavu za mbwa wako zapapasika? Mshibishe akue upesi, aanze kazi!" Shauri hilo latoka katika moyo mwema, lakini lafaa kukataliwa. Nisikilize nikueleze kwa nini.

Mifupa haitaki haraka

Mtoto wa mbwa mkubwa huzaliwa na uzito wa nusu kilo hivi. Akikomaa amekuwa mzito karibu mara mia. Mbwa wa kawaida humaliza kukua kwa mwaka mmoja hivi, lakini huyu huchukua miezi 18 hata 24. Muda huo wote mifupa yake bado ni laini. Ukimlisha bila kipimo, mwili hunenepa kabla mifupa haijawa tayari kuubeba, na miguu hupinda au viungo huharibika. Mwaka 1974 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitoa habari za jaribio lao juu ya watoto wa mbwa wakubwa sana waitwao Great Dane. Wengine waliachwa wale watakavyo, na wengine walipewa theluthi mbili tu ya kiasi hicho. Walioharibika mifupa zaidi ni wale walioshiba bila mpaka.

Basi mbavu za mbwa wangu zikipapasika chini ya ngozi, wala zisionekane kwa mbali, najua yuko sawa. Zikionekana waziwazi, namwongezea. Nikizitafuta kwa vidole nisizipate, nampunguzia.

Tena wako wanaodhani kwamba mifupa mikubwa yataka unga wa mifupa kwa wingi. Wataalamu wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha mwaka 1985 kwamba madini ya chokaa yakizidi huidhuru mifupa ya mbwa hao. Mtoto wa mbwa hana uwezo wa kukataa kilichozidi. Mwili wake hukipokea tu. Lakini madini hayo yakipungua napo ni hatari. Mbwa wa ugali mtupu, au wa nyama tupu, mifupa yake huwa dhaifu na huvunjika. Kwa hiyo usikisie. Mjini kwenye maduka ya dawa za mifugo huuzwa chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, kilichokwisha kupimwa. Ukikipata, usikiongezee unga wa mifupa. Ukitaka kumpikia nyumbani kwa dona, dagaa na matumbo, mwombe daktari wa mifugo akupangie kipimo cha kila kitu.

Yasiyofaa kabisa

Mapafu na maini mabichi ya machinjoni usimpe. Humo mna malengelenge ya tegu, na mbwa akiisha kuambukizwa, mayai ya tegu hutoka katika kinyesi chake na kuwafikia watoto wanaocheza uani. Chemsha kwa nusu saa au zaidi. Mifupa iliyopikwa nayo humeguka kama vigae na kutoboa utumbo.

Mahindi yaliyoota ukungu wengi husema, "Hayo ya mbwa." La, ndugu yangu! Sumu ya ukungu huua mbwa kama iuavyo watu. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walikufa kwa sumu hiyo. Kisichofaa kwa watoto wako hakimfai mbwa wako.

Jambo jingine ni tumbo. Mbwa mwenye kifua kirefu akila mlo mmoja mkubwa kisha akakimbia, tumbo laweza kujaa hewa na kujisokota. Ukiona tumbo limekaza kama ngoma, naye ajaribu kutapika bila kutoa kitu, mwite daktari wa mifugo mara moja, maana atakufa kwa saa chache. Mpe chakula mara mbili kwa siku, na akiisha kula apumzike. Mtoto wa mbwa apewe mara tatu au nne, kidogo kidogo.

Watoto wale nini?

Kabla hatujamchukua, Mama Paulo aliuliza swali lililo gumu kuliko yote: "Mwezi wa pili ghala likiwa tupu, watoto watakula nini, na mbwa atakula nini?" Tulikaa tukahesabu. Mbwa wa kilo 50 ni sawa na mbwa wanne wa kilo 12 na nusu, lakini hali chakula cha wanne. Hutosheka kwa chakula cha watatu hivi, kwa sababu mwili mkubwa hutumia nguvu kidogo kwa kila kilo. Tukaona beberu mmoja wa kuuza kila mavuno atasaidia, na debe la mbwa likatengwa mbali na la watoto. Ndipo tukakubali.

Wewe nawe, msomaji, hesabu kwanza. Ukiona chakula hakitoshi, usione haya kukataa. Mbwa wa kienyeji aliyeshiba afaa kuliko jitu lenye njaa, maana mbwa mwenye njaa huacha kundi na kwenda kutafuta, na fisi naye hungoja saa hiyo hiyo. Na ukimpata mbwa mkubwa, mchague mtu mmoja nyumbani wa kumpimia chakula, atumie bakuli moja kila siku. Watoto waambiwe wasimtupie makombo kwa huruma. Mwache akue taratibu, apate miguu ya kusimama zizini miaka mingi.