Bei Mezani

Mwandishi wa kujitegemea wa Dar es Salaam atakueleza bila kusita anaandika nini, anamwandikia nani, na ni ofisi gani haijamlipa tangu mwaka jana. Muulize walikubaliana shilingi ngapi, ghafla chai inakuwa ya moto. Wanaotupa kazi wanaujua ukimya huo vizuri kuliko sisi, na wanautumia. Mimi niliuchoka, nikajiunga na kikundi kinachokutana Jumamosi kwenye mgahawa mmoja Sinza, isipokuwa siku ya Simba na Yanga, maana siku hiyo hakuna anayemsikia mwenzake.

Nilikwenda kutafuta kazi, nisiseme uongo. Kazi haikuja upesi. Nilikuta meza ya watu wenye shughuli zisizofanana: mtunzi wa michezo ya redio, makorespondenti wawili, mhariri wa vitabu vya watoto, kijana anayewaandikia watu hotuba za harusi na wasifu wa marehemu, na mama mmoja mtu mzima anayetafsiri maelezo ya dawa na fomu za ridhaa za utafiti wa hospitalini. Huyo mama si msemaji. Ndiye anayeingiza fedha kuliko sote.

Kanuni ni moja. Anayekuja mara ya kwanza hutaja bei yake kabla ya kusifiwa kazi zake. Kijana wa hotuba alipotaja yake, kwa ukurasa, mama akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, ukurasa wa nani? Wa herufi kubwa au ndogo?"

Tukacheka, lakini nusu ya meza ilikuwa ikitoza kwa ukurasa. Mama akatufundisha kuhesabu maneno, na kwenye tafsiri, yale ya matini chanzi, yaani ile unayoitafsiri. Kitenzi cha Kiswahili kinabeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, kwa hiyo matini ya Kiingereza ikishafika kwetu idadi ya maneno kwa kawaida hupungua, ingawa jasho ni lilelile. Ukilipwa kwa maneno ya tafsiri yako, kadiri unavyotafsiri kwa ufupi na ufasaha ndivyo unavyojipunja. Isitoshe, chanzi kinahesabika kabla hujaanza, kwa hiyo mnakubaliana mapema na hakuna wa kumbishia mwenzake mwishoni.

Siku nyingine ilikuwa kodi ya zuio. Ofisi inakata asilimia 5 ya malipo ya huduma, sawa, sheria ndiyo inavyotaka. Ila fedha hiyo imelipwa kwa jina lako, na ofisi inapaswa kukupa cheti cha makato, ambacho kinahesabiwa unapowasilisha ritani yako TRA. Pale mezani ni mama peke yake aliyekuwa akikidai. Sasa tunakidai sote, na inashangaza jinsi mhasibu anavyobadilisha sauti akijua kwamba unajua.

Kwa makorespondenti sina habari njema. Wanalipwa habari ikitoka, nauli ni juu yao, na isipotoka hasara ni yao pia. Walau wao wana klabu ya waandishi wa habari ya mkoa chini ya UTPC, umoja wa klabu hizo, na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inawatambua kwa ithibati. Mtunzi wa redio na mtafsiri hawana kiti hapo. Ndiyo maana meza yetu ilipatwa na ugonjwa wetu sote Watanzania: wakatokea wa kutaka katiba, mwenyekiti, katibu, mweka hazina na muhuri. Nilipinga, na ningepinga tena. Nimeona vikundi vingi vikimaliza nguvu kwenye kifungu cha uchaguzi. Tulichokubali ni daftari: kazi, ukubwa wake, bei, siku ya makubaliano, siku fedha ilipoingia. Ukipewa kazi isiyokufaa, unaipitisha kwa anayeiweza, na hakuna kamisheni. Kwa njia hiyo mchezo wa redio ulinifikia, na mhariri akapata kitabu ambacho mimi ningekiharibu.

Siku hizi daftari limejaa ugomvi mpya. Wateja wanaleta matini iliyokwisha kutafsiriwa na mashine, wanasema "pitia tu", kwa nusu ya bei. Kwenye maelezo ya dawa, kupitia tu ni kusoma kila sentensi mara mbili, kwanza chanzi, kisha ile ya mashine, ambayo mara nyingi inasomeka vizuri hata pale inapopotosha kipimo. Mama anatoza bei kamili na anaeleza sababu kwenye ankara. Wengi tumemfuata. Wawili bado wanachukua nusu, kwa kuwa kodi ya nyumba haisubiri mjadala, na hatujawafukuza. Wanaandika kwenye daftari walicholipwa kama wengine wote, na wiki iliyopita mmoja wao aliandika pia saa alizotumia.