Stahiki ya Mhadhiri wa Fasihi: Kati ya Embu na Meru

Suala la nani anastahiki kufundisha fasihi katika chuo kikuu huchukuliwa aghalabu kuwa la kiutawala tu. Hata hivyo, barabara itokayo Embu kupitia Chuka hadi Meru yaonyesha kuwa ni la kitaaluma pia. Vyuo vitatu vya umma vilivyo katika njia hiyo vilipata hadhi kamili ya chuo kikuu katika kipindi kifupi: Chuka na Meru mwaka 2013, kisha Embu mwaka 2016. Wanafunzi walifika, wahadhiri wenye shahada ya uzamifu hawakuongezeka kwa kasi hiyo.

Mwaka 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliweka sharti kwamba mhadhiri awe na uzamifu, na wenye uzamili wakapewa miaka mitano kujikamilisha. Sharti lenyewe lina hekima. Mtu ambaye hajapata kuuliza swali lake mwenyewe, akalitafutia data na kuitetea hoja yake mbele ya watahini, atamfundishaje mwanafunzi uhakiki? Atamkaririsha tu maneno ya wengine.

Tatizo limo katika hali ya anayetakiwa kulitimiza. Tumchukue mwalimu wa muda mwenye uzamili. Jumatatu yuko Embu, Jumatano Chuka, Ijumaa Meru. Hulipwa kwa saa anazofundisha, na malipo yenyewe huchelewa. Ada ya uzamifu huitoa katika kipato hicho hicho. Husahihisha karatasi za mitihani ndani ya matatu, ilhali sura ya tatu ya tasnifu imebaki ilivyokuwa mwaka jana. Mshika mbili, wahenga walinena, moja humponyoka. Kwake, kinachoponyoka ni utafiti.

Wapo watakaomtaja Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeondoka Leeds bila kukamilisha uzamili, akaanza kufundisha Nairobi mwaka 1967, na mwaka uliofuata, pamoja na Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, akadai fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwe kitovu cha masomo. Mfano huu haumwokoi mzembe, kwani Ngũgĩ alikuwa amekwisha kuchapisha riwaya. Unathibitisha kwamba kinachomstahilisha mtu ni kazi aliyoifanya. Shahada ni ushahidi wa kazi hiyo.

Nchiru, kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ndipo pia yalipo makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Wameru. Huko nako hakuna aingiaye bila kufuzu, lakini mtu hupitia kwanza mabaraza ya chini, akijifunza miongoni mwa waliomtangulia. Idara zetu zingefaa kuuiga utaratibu huo: mwenye uzamili apewe ajira ya kudumu, vipindi vichache, msimamizi anayemsoma kwa makini, na likizo ya utafiti yenye malipo. Baada ya hapo ndipo itakuwa haki kumwuliza shahada yake iko wapi.